Kuchovya, gurudumu au skrini: njia tatu za kupaka elektrodi za rojo kwenye vijenzi vidogo

Kapasita ya kauri, kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme, ya ukubwa wa 0603 ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8. Ndani yake mna matabaka membamba ya nikeli, pengine mamia, yaliyopishana na kauri ya bariamu titaneti. Tabaka moja hutokeza mwisho wa kushoto, linalofuata hutokeza mwisho wa kulia. Pasipo kofia ya metali kwenye kila mwisho, matabaka hayo hayajaungana na chochote na kipande chote ni kijiwe tu.

Kofia hiyo, yaani elektrodi, huanza ikiwa rojo la kupitisha umeme: unga wa shaba au wa fedha, unga wa kioo, gundi ya resini na kiyeyushi. Rojo hupakwa, hukaushwa, huchomwa, kisha hupakwa nikeli na bati kwa umeme ili kijenzi kishike lahamu. Anayepanga laini ya uzalishaji, au maabara ya chuo inayotaka vipande mia chache vya majaribio, hukwama kwenye neno la kwanza: rojo lipakwe vipi? Njia zinazoshindana kwa kweli ni tatu: kuchovya vipande kwenye bamba lenye rojo, kupaka kwa gurudumu lenye mfereji, na kuchapa kwa skrini.

Wengi huanzia kwenye bei ya mashine. Ni heri kuanzia kwenye mchoro wa kijenzi.

Vigezo

Cha kwanza ni mahali na umbo: elektrodi inakaa mwisho mzima, ubavuni kama mstari, au juu ya uso tambarare? Jibu la hapa mara nyingi hufuta njia moja au mbili kabla hata ya hesabu. Cha pili ni unene na usawa wake, hasa pembeni. Cha tatu ni rojo lenyewe, yaani mnato unaohitajika na kiasi kinachopotea. Cha nne ni idadi ya vipande na usumbufu wa kuhama kutoka ukubwa mmoja hadi mwingine. Cha tano ni hitilafu: njia hii huharibika vipi, na utaiona wapi.

Kuna mambo ambayo hayajali njia. Kauri lazima izungushwe kwanza kwenye pipa pamoja na maji na gololi za kusagia, ili pembe ziviringike na ncha za matabaka ya ndani zifunuke. Pembe kali hulikimbiza rojo. Ukizungusha kupita kiasi, kauri humeguka. Rojo lililotoka kwenye friji liachwe kopo likiwa limefungwa hadi lifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utatonea ndani. Chumba nacho kiwe na joto lisiloyumba, karibu nyuzi 23 hadi 25. Rojo lililopimwa asubuhi kwenye nyuzi 24 si rojo lile lile saa nane mchana kwenye nyuzi 32, na karakana ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi itahangaika na tatizo hilo kila siku ikidhani ubovu uko kwenye mashine.

Njia ya kwanza: kuchovya kwenye bamba

*Mahali na umbo.* Kuchovya hutoa kofia: uso wote wa mwisho, pamoja na pindo linalokunjia kwenye pande nne. Hakutoi kingine. Kwa 0603, katalogi nyingi hutaja pindo la milimita 0.35, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.15. Mchoro ukidai mstari ubavuni au elektrodi upande wa chini tu, njia hii imeshatoka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Vipande humwagwa juu ya bamba la kuongozea lenye matundu ya umbo la faneli, likatikiswa mpaka kila tundu limeze kipande kimoja kilichosimama wima. Pini huvisukuma hadi kwenye bamba la raba ya silikoni. Matundu ya raba ni madogo kidogo kuliko kipande, hivyo hukibana. Vipande huachwa vikitokeza. Kwa 0603, milimita 0.5 hadi 0.7 hutosha. Kabla ya rojo, bamba zima hukandamizwa juu ya chuma tambarare ili ncha zote zilingane. Hatua hiyo hurukwa na wenye haraka, na ndiyo chanzo cha mapindo marefu na mafupi ndani ya bamba moja.

Kisha kisu cha kusawazisha hutandaza rojo juu ya bamba la chuma lililosuguliwa. Unene wa utando ndio unaoamua pindo, lakini si moja kwa moja, maana rojo hupanda ukutani mwa kipande. Ukitaka pindo la 0.35, anza na utando wa 0.25, pima vipande thelathini chini ya darubini, kisha rekebisha. Vipande hushushwa, hukaa sekunde moja au chache, na huinuliwa polepole.

Hapo kazi imefika nusu. Kila ncha imebeba tone linaloning'inia, na likiachwa likauke hivyo litakuwa tumbo katikati ya uso. Kwa hiyo kisu hupitishwa tena, safari hii kikiacha utando mwembamba wa milimita 0.05 hadi 0.1, na vipande huguswa mara ya pili. Bamba la chuma hunyonya ziada, tumbo hushuka. Ubora wa kuchovya umelala kwenye mguso huu wa pili kuliko ule wa kwanza: kasi ya kuinua, unene wa utando uliobaki, na sekunde za kukaa. Ukiwa na muda wa kujaribu kitu kimoja tu, jaribu hicho.

Baada ya kukausha kwa nyuzi 120 hadi 150, pini husukuma vipande hadi vitokeze upande wa pili wa raba, na mwisho wa pili hupitia hatua zile zile.

*Unene na usawa.* Mvuto wa uso wa kimiminika hauondoki: katikati huwa pazito, pembeni pembamba. Tofauti ya mikroni 30 katikati na chache tu kwenye pembe si ajabu. Pembe zilizoviringika vizuri na rojo linalokaza likitulia hupunguza tofauti hiyo, haziimalizi.

*Rojo.* Mnato wa paskali-sekunde 20 hadi 50 ni mahali pazuri pa kuanzia. Upotevu unastahili hesabu. Chukua 0603 yenye mikroni 20 kwenye uso wa mwisho na 10 kwenye mapindo baada ya kuchomwa. Kila mwisho hubeba karibu milimita za ujazo 0.024 za metali na kioo, na rojo bichi huwa kama mara tatu ya hapo. Vipande milioni moja, ncha mbili kila kimoja, vitakula takriban gramu 400 za rojo la shaba. Vipande 10,000 vitakula gramu 4. Lakini bamba la sentimita 20 kwa 30, lenye utando wa nusu milimita, linadai mililita 30 kulitandaza tu, karibu gramu 90, hata ukichovya kipande kimoja. Rojo hilo hubaki wazi hewani, kiyeyushi kinaruka, mnato unapanda. Kiwandani hurudishwa, huongezewa kiyeyushi na hupimwa upya. Maabara yenye kundi dogo mara nyingi hulitupa.

*Idadi.* Bamba moja hubeba maelfu ya vipande, na ndiyo maana njia hii imetawala kapasita za kauri. Lakini kila ukubwa una bamba lake, faneli zake na pini zake. Kwa vipande vidogo kabisa, kama milimita 0.6 kwa 0.3 au 0.4 kwa 0.2, raba huanza kusumbua, na wengine huhamia kwenye karatasi yenye gundi ambayo hupoteza mshiko ikipashwa moto. Karatasi hizo hutengenezwa kwa madaraja ya joto, kama nyuzi 90, 120 au 150. Hakikisha joto la kukaushia liko chini ya daraja la karatasi yako, ama utakuta vipande vimelala sakafuni mwa tanuri.

*Hitilafu.* Rojo zito mno au kuinua kwa kasi huacha mkia. Rojo jepesi hupanda na kurefusha pindo. Matundu ya raba yaliyochakaa huacha kipande kiiname, na pindo hutoka la mshazari. Mapindo ya ncha mbili yasipolingana, kipande huweza kusimama kama jiwe la kaburi wakati wa kuunganishwa kwenye ubao wa saketi, kwa kuwa lahamu huvuta upande mmoja zaidi. Hewa iliyonaswa huacha kitobo. Kimiminika cha kupakia nikeli hupenya humo, na baadaye joto la lahamu hukigeuza mvuke unaorusha matone ya bati.

Ipo pia hitilafu inayotokea tanurini lakini ikasingiziwa kuchovya. Shaba huchomwa ndani ya naitrojeni, kwa kawaida kati ya nyuzi 800 na 900, kwa sababu hewa ingeioksidisha pamoja na nikeli ya ndani. Gundi isipopata oksijeni kidogo iliyodhibitiwa katika sehemu ya mwanzo ya tanuri, huacha kaboni. Kioo kikiyeyuka na kuziba kabla kaboni haijatoka, gesi hufura na kuwa malengelenge. Resini za akriliki huondoka kwa urahisi zaidi ndani ya naitrojeni kuliko selulosi ya ethili, na hilo ni swali la kumuuliza muuza rojo kabla ya kununua.

*Inamfaa* anayetengeneza kapasita, koili au thamista za ncha mbili, kwa wingi, zikiwa na ukubwa mmoja au miwili isiyobadilika ovyo.

Njia ya pili: gurudumu lenye mfereji

*Mahali na umbo.* Hapa tunazungumzia mistari ubavuni. Kapasita nne ndani ya mwili mmoja, kichujio chenye ncha tatu, kapasita yenye ncha nane: vyote hivi vina elektrodi kadhaa zilizopangwa kwa nafasi za milimita 0.8 au 0.5 kwenye upande mmoja. Ukivichovya, umeziunganisha zote.

Gurudumu la chuma au la raba ngumu huchongwa mifereji kwenye mzingo wake. Huzunguka ndani ya kihori cha rojo, kikwangulio hufuta uso wake, na rojo hubaki ndani ya mifereji tu. Vijenzi, vimebanwa kwenye mkanda wenye nafasi zilizokatwa kwa usahihi, hupita juu ya gurudumu na kugusa. Rojo huhamia ubavuni na kukunjia kidogo juu na chini. Upande mmoja hukauka, kijenzi hugeuzwa, upande wa pili hufuata.

*Unene na usawa.* Upana wa mfereji huweka upana wa mstari. Kina huweka kiasi. Rojo halihami lote, hugawanyika kati ya mfereji na kijenzi, kwa hiyo kina cha mfereji kisichukuliwe kuwa ndio unene. Pindo la juu na chini hutegemea shinikizo la mguso, na hapo ndipo njia hii inapokuwa nyeti: kijenzi kilichozidi wenzake kwa mikroni 50 za upana kitabanwa zaidi na kitapata pindo refu. Vijenzi vichambuliwe kwa vipimo kabla ya kupakwa.

*Rojo.* Liwe zito kuliko la kuchovya na likaze upesi likiacha kusukumwa, vinginevyo mistari hutambaa na kukutana. Kihori hubaki kidogo, hivyo upotevu ni mdogo kwa kundi dogo. Ubaya wake ni kwamba gurudumu huzunguka hewani saa zima likianika utando mwembamba. Pima mnato mara kwa mara, na funika kihori.

*Idadi.* Vijenzi hupita mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo kwa saa moja hutapata idadi ya bamba la kuchovya. Kubadilisha aina ya kijenzi ni kubadilisha gurudumu na mkanda, na gurudumu jipya huchongwa kwa oda. Liweke kwenye ratiba mapema.

*Hitilafu.* Kasi ya mzingo wa gurudumu isipolingana na kasi ya mkanda, mstari huburuzika na ukingo wake mmoja hutoka wenye manyoya. Kikwangulio kilichochakaa huacha utando kati ya mifereji. Utando huo ukichomwa huwa daraja kati ya elektrodi mbili. Daraja lenyewe huweza kuwa jembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho kabla ya nikeli kupakwa. Baada ya hapo huonekana, lakini umeshachelewa. Pima ukinzani kati ya mistari jirani baada ya kuchoma, kabla ya nikeli.

*Inamfaa* mwenye vijenzi vya ncha nyingi. Mwenye kapasita ya kawaida ya ncha mbili hana sababu ya kuja huku.

Njia ya tatu: kuchapa kwa skrini

*Mahali na umbo.* Aliyewahi kuona fulana zikichapwa anaijua misingi: wavu uliokazwa, emulsheni iliyoziba pasipotakiwa, na raba inayosukuma rojo kupitia palipo wazi. Kwenye rezista, kijenzi cha kukinza umeme, kinachochapwa ni kigae cha kauri ya alumina ya asilimia 96, kilichokwaruzwa mistari ya kuvunjia, ambacho baadaye huwa maelfu ya vipande. Elektrodi huchapwa kwanza, huchomwa, kisha tabaka la ukinzani la ruthenia oksidi huchapwa likizipandia kidogo.

Skrini haikunji kona. Kiungo kati ya elektrodi ya juu na ya chini ya rezista hufanywa na hatua nyingine: kigae huvunjwa kuwa fito, fito hupangwa ubavu nje, na ubavu hupakwa rojo kwa rola au hunyunyiziwa nikeli-kromu ndani ya ombwe. Anayelinganisha gharama aitie hatua hiyo, maana wengi huisahau.

*Unene na usawa.* Hapa skrini haina mpinzani. Wavu wa nyuzi 325 kwa inchi na emulsheni ya mikroni 10 hadi 15 hutoa karibu mikroni 8 hadi 12 baada ya kuchomwa, na tofauti kati ya katikati na pembeni ni ndogo. Weka skrini juu ya kigae kwa umbali wa milimita 0.5 hadi 1, raba ya ugumu wa 60 hadi 80 kwa kipimo cha Shore A, na kasi isiyobadilika katikati ya safari. Acha dakika 5 hadi 10 alama za wavu zijifute, kausha kwa nyuzi 150 kwa dakika 10 hadi 15, choma kwa nyuzi 850, kileleni dakika 10.

*Rojo.* Zito: paskali-sekunde 150 hadi 300. Ni lazima lilegee likisukumwa na likaze likitulia. Fedha tupu ni rahisi na hupitisha umeme vizuri, ila salfa huila na kuacha fedha salfaidi nyeusi. Vifaa vitakavyofanya kazi karibu na mvuke wa jotoardhi, kama Olkaria nchini Kenya, ambako gesi ya haidrojeni salfaidi hutoka pamoja na mvuke, vinahitaji fedha iliyochanganywa na paladi, au ulinzi mwingine juu ya elektrodi. Paladi ni ghali. Kinachonunuliwa ni miaka ya uhai.

*Idadi.* Ndiyo njia nyepesi kuliko zote kuanza nayo. Skrini mpya yenye mchoro mpya hupatikana kwa gharama ndogo ukilinganisha na bamba la raba au gurudumu, na mashine ya kuchapa ya mkono hutosha kwa vigae kumi. Kubadilisha mchoro huchukua muda wa kulinganisha alama tu.

*Hitilafu.* Wavu uliolegea husogeza mchoro, na elektrodi hukosa kukutana na tabaka linalofuata. Kiyeyushi kikikauka ndani ya matundu ya wavu, mchoro hutoka na mapengo. Chapa karatasi mbili tatu kabla ya kurudi kwenye kigae. Umbali wa skrini ukiwa mdogo, wavu hung'ang'ania na kingo hutoka zimechafuka. Fedha huchomwa hewani, hivyo kisa cha kaboni si kikubwa kama kwenye shaba, lakini tanuri lisilopitisha hewa ya kutosha bado litaacha malengelenge.

*Inamfaa* mwenye uso tambarare: rezista, vihisi, saketi juu ya kauri, na maabara inayobadilisha mchoro kila wiki.

Vipi sindano na brashi?

Kwa vipande vitano vya kupima nadharia, sindano yenye mdomo wa milimita 0.2 au brashi ya nywele chache inatosha, na hakuna haja ya kuona haya. Lakini usipime pindo wala nguvu ya mshiko kwa vipande hivyo ukatangaza matokeo. Unachopima hapo ni mkono wa aliyepaka.

Kuchagua kwa hali yako

Una kapasita za ncha mbili, ukubwa mmoja, laki kadhaa kwa mwezi: chovya. Weka pesa ya ziada kwenye usahihi wa kisu na kasi ya kuinua, siyo kwenye bamba kubwa zaidi.

Una kapasita za ncha mbili lakini mia mbili tu, kwa utafiti: chovya, ila kata bamba la chuma liwe dogo, sentimita 5 kwa 5, na utando wa 0.25. Utahitaji chini ya mililita moja ya rojo kulitandaza badala ya thelathini. Vipande vishikwe kwa karatasi yenye gundi, maana bamba la raba la kuagiza halitajilipa.

Kijenzi kina ncha tatu au zaidi: gurudumu. Ikiwa ni vipande vichache vya mfano na nafasi kati ya mistari ni 0.8, sindano kwenye meza ya vipimo inaweza kukuvusha. Kwenye 0.5 mistari itakutana.

Elektrodi zinakaa juu ya kigae au zitabadilika umbo mara nyingi: skrini. Ukihitaji pia ubavu, panga tangu mwanzo ni nani atakayeupaka na kwa kifaa gani.

Ukibaki na njia mbili zinazokubalika, omba muuza rojo gramu 100 za kila aina na upake vipande 50 kwa kila njia. Choma, zamisha kumi katika resini, sugua hadi katikati na pima unene kwenye pembe chini ya darubini. Usipime katikati ya uso. Pale kila njia hupendeza. Pembe ikiwa na chini ya mikroni 3 au kauri ikionekana, njia hiyo bado haijakaa sawa kwa kijenzi chako, na pa kurudi kwanza ni kwenye pipa la kuviringisha pembe, kisha kwenye mnato.